Panya Aliyefukizwa Udi

Ilianza Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Najua kwa sababu saa yetu ya ukutani inachelewa dakika tano na mimi huiongezea kichwani, na siku hiyo niliitazama kuliko ninavyotazama saa ya chumba cha mtihani. Nilikuwa nimetoka shule, sijavua hata soksi, nikainama kwenye kizimba cha panya wangu nikavuta pumzi. Kikanuka.

Nikavuta tena, nikitumaini ni soksi. Si soksi. Ilikuwa harufu ya kitu kilichochacha, tamu kidogo halafu mbaya, na ilitoka mle ndani alimolala yeye, amejikunja kama hana habari.

Nieleze kwanza alivyofika kwetu. Mama anafundisha watoto wadogo katika shule moja Raskazone. Familia moja ya wageni ilihama kurudi kwao, na mtoto wao alikuwa na panya wa jangwani ambaye hakuweza kupanda naye ndege. Si panya kama wale wa stoo. Huyu ana rangi ya tangawizi, tumbo jeupe, miguu ya nyuma mirefu, na mkia wake una manyoya yanayoishia kwenye kishungi. Waliulizwa walimu wote, wote wakakataa. Mama yangu hajui kukataa. Akarudi naye Chumbageni ndani ya bajaji, kizimba mapajani, dereva anamwuliza njia nzima kama hicho kitu kinang'ata.

Bibi, mama yake baba, alimpokea mlangoni mikono kiunoni.

"Watu wananunua sumu ya panya, wewe unaniletea panya kwa bajaji?"

"Huyu si kama wale, mama," Mama akasema. "Huyu anafugwa."

"Na wale wa stoo nani kakwambia hatuwafugi? Kutwa wanakula mchele wangu!"

Katika nyumba ya Bibi usafi si jambo la kujadiliana. Viatu vinaishia kibarazani. Mkeka wa kusalia haukanyagwi na mguu usiooshwa. Alimzunguka yule panya siku mbili, akimtazama kwa mbali, ndipo akatoa hukumu yake mezani, tunakula. "Akae. Lakini siku nitakayonusa panya katika nyumba ninayosalia, siku hiyo hiyo anahama. Sitalirudia hili." Na hakulirudia, kwa kuwa Bibi akisema kitu mara moja huwa kimekwisha.

Sasa Jumamosi, yaani kesho yake, ilikuwa zamu yetu ya kisomo. Wanawake wa mtaa wangekuja saa tatu asubuhi kusoma sebuleni kwetu, na hao pua zao ni kama za Bibi, wengine zaidi.

Sikutaka ahame. Naandika ukweli kwa kuwa hili daftari halisomwi na mtu: mimi ni mtu wa kunyamaza. Mwalimu akiuliza swali jibu ninalo, lakini mpaka niliandae mdomoni mwenzangu kashajibu. Kwa panya nilikuwa nasema. Nilikuwa namsomea notisi za biolojia za kidato cha tatu na yeye anasimama kwa miguu miwili, mikono kifuani, ananisikiliza. Au alikuwa anatafuta pa kutokea, sijui. Mie nilichukulia ananisikiliza.

Mama alikuwa amempeleka Bibi kubadilishiwa bendeji. Wiki ile Bibi aliungua mkono wa kulia kwa mafuta ya vitumbua, na walisema wangerudi kabla ya magharibi. Nyumbani alikuwapo dada yangu tu, jikoni, anakanda unga wa kaimati za wageni. Nilikuwa na kama saa moja na nusu.

Nikafanya ambacho mtu yeyote wa nyumba yetu angekifanya kwa kitu kinachonuka. Nikamwosha.

Nilitia maji vuguvugu katika beseni dogo, nikachukua kipande cha sabuni, nikajifungia bafuni. Sijui nilitegemea nini. Labda nilidhani atafurahi kama bata. Alipogusa maji alikakamaa, halafu akaanza kupiga miguu kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akanikwaruza kiganja. Nikamsugua mgongo, nikamsugua tumbo, nikimwambia taratibu, taratibu, tunamaliza. Manyoya yalipolowa yote alibaki mdogo kama tende iliyolowekwa. Na pale tumboni, katikati, nikaona alama imekosa manyoya, ya njano, inang'aa. Nikajiambia ni kidonda, na ndicho kinachonuka, basi nikaongeza sabuni.

Nikamkausha kwa taulo langu. Bado alikuwa na unyevu, lakini nikaona niendelee. Nikachukua mrashi wa Bibi kabatini nikamnyunyizia marashi ya waridi kichwani na mgongoni. Kisha nikasikia harufu ya udi kutoka chumbani kwa dada. Alikuwa amewasha chetezo anafukiza mabuibui ya kesho, yametandazwa juu ya kile kichanja cha fito tunachosimamisha juu ya moshi. Nikasogeza buibui moja, nikaweka kizimba pale pale juu, panya ndani yake. Nikakaa kitandani nikingoja anukie.

Dada aliingia mikono imejaa unga. Akatazama chetezo, akamtazama panya, akanitazama mimi.

"Hebu nisaidie kuelewa. Umemwogesha?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umemtia marashi. Na sasa unamfukiza."

"Ananuka," nikasema.

"Wee! Bado hina tu hapo tumtafutie mume."

"Ni dume."

"Basi tutamposea. Lakini posa unapeleka wewe mwenyewe, na kwa ulimi ulio nao huyu atazeeka kapera." Akacheka mpaka akaushika mlango, ukabaki na alama za vidole vya unga. Kisha akainama kumtazama vizuri, na kicheko kikakatika. "Mbona anatoka damu?"

Niliruka. Kweli, puani na pembeni mwa macho palikuwa na wekundu. Alikuwa amejibanza kwenye kona ya kizimba akitetemeka, mgongo juu, anapiga chafya ndogo ndogo, tsi, tsi, tsi. Nikamtoa kwenye moshi mbio. Nilitaka kulia na nilikuwa naona aibu ya kulia kwa ajili ya panya mbele ya dada, kwa hiyo nikawa navuta tu kamasi.

"Mpeleke kwa jirani wa sungura," dada akasema.

"Nenda wewe."

"Mie mikono yangu huioni? Na panya ni wako. Nenda, kabla hawajarudi!"

Jirani wa sungura anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni mama mtu mzima, Msambaa, Mlutheri, amestaafu, anafuga sungura uani kwake na jioni tunamsikia anafanya mazoezi ya nyimbo za kwaya peke yake. Nilikuwa nikimwamkia njiani tu. Nyumbani kwake sikuwahi kuingia. Nilifunika kizimba kwa kanga, nikasimama mlangoni pake, nikasema hodi. Hakuna aliyejibu. Nikasema tena.

"Nani huyo anabisha hodi kama anaomba msamaha?" sauti ikatoka ndani. "Ingia, mlango uko wazi!"

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si mjukuu wa pale kwa Bibi? Umebeba nini?"

Nikafunua kanga. Yeye akainama, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mbona ananukia kama sebule ya bibi yako?"

Hapo ndipo nikasema yote, beseni, sabuni, marashi, udi, damu, na kidonda cha tumboni, bila nukta wala mkato. Hakunikatiza. Alichukua fulana kuukuu ya pamba, akamfunika panya mzima mzima, akamwinua kwa viganja viwili akamweka kifuani pake.

"Jambo la kwanza, joto," akasema. "Hawa wakilowa wanapata baridi, wanaumwa kifua. Usimshike mkia, umesikia? Ngozi ya mkia wao inachomoka kama soksi. Umemshika mkia?"

"Hapana."

"Afadhali kuna kosa moja hukufanya."

Alimkausha polepole, sehemu kwa sehemu. Kisha akalowanisha kipande cha pamba, akafuta pua. Wekundu ukatoka wote mara moja. Akanionyesha ile pamba karibu na macho yangu.

"Unaona? Damu ingenata. Hii ni machozi. Panya akikerwa au akiogopa, machozi yake yanatoka mekundu. Moshi umemkera."

"Umejuaje?"

"Mimi? Nimeosha vizimba vya panya miaka kumi na tisa, huko milimani, kwenye kituo cha utafiti. Panya weupe, chumba kizima. Kila asubuhi nilikuwa naamkiana na panya kabla ya binadamu." Akamgeuza kidogo, akatazama tumbo. "Na hiki si kidonda. Ni tezi yake. Inatoa mafuta yake ya kunukia, anajipaka, anapaka na nyumba yake ajue ni kwake. Wewe umemsugua ukamtoa marashi yake, ukamtia yako."

"Atakufa?"

Alimsikiliza kifua kwanza, na nilimpenda kwa hilo. "Sidhani. Akikauka, akala, amepona. Asipokula mpaka usiku, uje unigongee."

Kisha akaweka kizimba mezani, akaanza kupekua maranda, yale mabaki ya mbao ninayoyachukua kwa fundi seremala Usagara nimtandikie panya wangu. Akachimba kona ya nyuma. Akatoa kitu kwa ncha za vidole.

"Hiki nini?"

"Papai."

"La lini?"

"La... Jumanne."

Akachimba tena. "Na hiki?"

Kilikuwa muhogo wa kuchemsha, umeota ukungu kama ndevu. Sikumbuki nilimpa siku gani. Chini yake kulikuwa na tango.

"Mwanangu, huyu mnyama hanuki. Mkojo wake matone mawili, ni mtu wa jangwani huyu. Yeye anaweka akiba. Unampa, anakula kidogo, anazika. Kinachonuka humu ni ukarimu wako."

Nikacheka. Nilijisikia mwenyewe nikicheka katika nyumba ya mtu nisiyemzoea, na yeye akacheka pia, panya bado kifuani.

Akanieleza namna ya kumweka msafi. Yeye anajisafisha mwenyewe kwa ulimi na makucha, na anaoga mchanga. Si wa ufukweni, una chumvi, utamchoma ngozi. Si vumbi, litamwingia kifuani. Mchanga wa mto, uliochekechwa, ukaoshwa, ukakaangwa uue wadudu, ukapoa. Maranda yabadilishwe kila wiki, lakini nimwachie konzi moja ya yale ya zamani yaliyo makavu, asiamke akadhani amehamishwa. Kwenye moshi wa aina yoyote, asisogezwe. Akaniazima chekeche yake, nikaenda kuomba mchanga wa mto pale mtaani wanapojenga nyumba. Fundi akaniuliza nataka kujenga nini kwa bakuli moja. Nikasema, "Bafu," nikaondoka kabla hajauliza zaidi.

Nilipofika nyumbani na kizimba changu, Mama na Bibi walikuwa wamesharudi. Nikapitia nyuma, nikauchekecha mchanga, nikauosha, nikautia sufuriani, nikabandika jikoni. Bibi akatokea mlangoni.

"Leo tunapika mchanga?"

Dada akajifanya anahesabu kaimati. Nilijua siwezi kukwepa. Nikamweleza Bibi kila kitu kwa mara ya pili siku ile, nikitazama mwiko. Nilipofika kwenye mrashi nikashusha sauti.

"Marashi yangu?" Bibi akauliza. "Yale niliyoletewa kutoka Maka?"

"Kidogo tu, Bibi."

"Kidogo kiasi gani?"

"Panya mzima, Bibi," dada akadakia.

Bibi akavuta kigoda, akakaa. Nilingoja aseme anahama. Alitazama kizimba sakafuni, pale panya alipokuwa amejikunja ndani ya fulana ya jirani, pua tu nje.

"Na harufu ilikuwa ya nini?"

"Papai. Na muhogo. Nilimpa mimi."

"Hmm. Kesho asubuhi, kabla mgeni hajakanyaga hapa, nitamnusa mwenyewe. Nikisikia panya, anarudi Raskazone, sijui kwa nani." Kisha akaona ninavyofanya kwa mwiko na hakuweza kuvumilia. "Sasa unaukoroga kama uji wa mgonjwa! Koroga mpaka chini, utaungua upande mmoja. Moto punguza. Mkono wangu ungekuwa mzima ningekuonyesha."

Hivyo nikakaanga mchanga, Bibi akisimamia kwa mdomo. Nikautandaza kwenye sinia upoe, nikautia katika bakuli la udongo. Wakati huo panya alikuwa amekauka, na alikuwa amekula mbegu mbili za alizeti, nilizihesabu. Nikaweka bakuli kizimbani. Dada akaja. Mama akaja.

Panya alilikaribia bakuli kwa hatua ndogo. Akaugusa mchanga kwa mkono mmoja. Akaugusa kwa wa pili. Akajifuta uso. Halafu akajitupa. Akabingirika ubavu huu, ubavu ule, tumbo juu, miguu hewani, mchanga ukaruka hadi miguuni kwa Bibi. Akasimama, akajikung'uta, manyoya yakasimama laini kama ya siku aliyofika. Akarudia.

Bibi alisogea karibu zaidi. Muda wa magharibi ulikuwa unakaribia na alikuwa ameshika kisahani chake cha udongo safi, kwa kuwa tangu aungue maji hayaruhusiwi kugusa ule mkono, na badala ya kutawadha alikuwa anatayamamu.

"Maji yanamdhuru," akasema polepole, "kwa hiyo yeye hutumia mchanga."

"Ndiyo, Bibi."

"Anaanza na mikono. Kisha uso."

Mama akaziba mdomo kwa mtandio wake. Bibi alijaribu kujizuia, nilimwona, mabega yakaanza kutikisika, kisha kicheko kikatoka kikubwa, mpaka machozi. "Astaghfirullahi! Nisije nikakufuru, Mola anisamehe, lakini hebu mtazameni! Mie nilifikiri niko peke yangu nyumba hii!" Akajifuta macho kwa pindo la kanga. Alipofika mlangoni akageuka, uso umerudi wa kawaida. "Na kisahani changu kisichanganyike na bakuli lake. Mkithubutu!"

Baada ya chakula nilitoa maranda yote nje, nikaosha trei ya kizimba kwa maji ya moto na siki, nikaikausha kwa kitambaa mpaka ikalia. Nikaweka maranda mapya na ile konzi moja ya zamani. Dada alinishikia taa ya simu na kunikumbusha kila baada ya dakika kwamba yeye hajawahi kuoshewa chumba hivi.

Jumamosi niliamka wenzangu wakiwa bado wamelala. Nilimfuta pua kwa pamba yenye unyevu, ikatoka nyeupe. Nikachekecha mchanga wake, nikatoa vinyesi, nikamwekea mbegu na si kingine. Udi ungewashwa sebuleni saa mbili, kwa hiyo nikambeba nikamweka uani, ukutani upande usio na upepo.

Bibi alikuja amevaa buibui lake la kisomo. Hata shikamoo yangu aliijibu kwa kupunga mkono tu. Akainama kwa shida, akaweka pua kwenye waya. Panya naye akaja akaweka yake upande wa pili. Walinusana. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo na sikuiweka chini.

"Nasikia siki," Bibi akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Nasikia maranda." Akavuta pumzi tena, ndefu. "Marashi yangu bado nayasikia, kwa mbali. Panya simsikii." Akainuka, akajinyoosha mgongo. "Akae. Siku za udi analala huku nje, na wa kumhamisha ni wewe, si mama yako. Na papai tunakula sisi."

Akaingia ndani kuwasha chetezo. Nikaweka ndoo chini. Nikaenda stoo, nikatafuta kopo tupu la maziwa ya unga, nikaliosha, nikalikausha, nikajaza mchanga uliobaki kwenye sinia. Nikaandika kwa kalamu nene juu ya karatasi, MCHANGA WA KUOGA, USIPIKWE, nikaibandika kwa gundi. Nikaliweka jikoni rafuni, kati ya kopo la chumvi na la sukari, mpaka Mama alipoingia, akalisoma, akaniambia nilitoe pale haraka kabla wageni hawajaanza kunywa chai.